Kupandikizwa Kiinitete: Mwongozo wa Mama Mbebaji

Mama mbebaji ni mwanamke anayekubali kubeba mimba kwa niaba ya watu wengine na kuwakabidhi mtoto akishazaliwa. Yai si lake. Hutoka kwa mama mtarajiwa au kwa mchangiaji, hurutubishwa maabara kwa mbegu za baba mtarajiwa au za mchangiaji, na kiinitete kinachopatikana ndicho kinachoingizwa katika mji wa mimba wa mbebaji. Kwa hiyo mtoto harithi sura wala kundi la damu la aliyembeba. Kuingiza huko ndiko kunakoitwa kupandikiza kiinitete. Tendo lenyewe ni la dakika kumi hivi, halina kisu wala dawa ya usingizi. Linalotangulia, hata hivyo, ni miezi miwili au mitatu ya vipimo, mkataba na dawa, na linalofuata ni majuma kadhaa ya dawa za kila siku. Mwanamke anayeijua njia nzima kabla ya kuianza huilinda afya yake na huilinda pia mimba anayokusudia kuibeba.

Elimu hii haina umri mkubwa. Mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa maabara, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Mwaka 1984 alizaliwa Australia mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa, na mwaka 1986 Marekani ilishuhudia mtoto wa kwanza aliyebebwa na mwanamke asiye na uhusiano naye wa kijeni. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia ya maabara mwaka 2006, jijini Nairobi. Tangu hapo kliniki za uzazi zimeongezeka nchini humo, na wanawake wanaobeba kwa niaba ya wengine wameongezeka pamoja nazo.

Nani anafaa kubeba

Sharti la kwanza ni kuwa ameshawahi kuzaa. Mwanamke aliyebeba mimba hadi mwisho na kujifungua salama ameshaonyesha kwamba mji wake wa mimba unaweza kazi hiyo, na anajua kwa uzoefu anachokubali. Mwongozo wa Jumuiya ya Tiba ya Uzazi ya Marekani, ambao kliniki nyingi duniani huufuata, unataja umri wa miaka 21 hadi 45, na unapendekeza asiwe amezaa zaidi ya mara tano wala kujifungua kwa upasuaji zaidi ya mara tatu. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba, kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, au kuzaa kabla ya wakati kwa kawaida hushauriwa asibebe, kwa sababu mambo hayo hupenda kujirudia.

Vipimo vya damu hutafuta VVU, kaswende, homa ya ini B na C, kisukari, upungufu wa damu na kasoro za tezi ya thairoidi. Kundi la damu huangaliwa pamoja na alama yake ya Rh, na kinga dhidi ya rubela hupimwa ili anayeikosa achanjwe kabla ya mimba, maana chanjo hiyo haitolewi kwa mjamzito. Kisonono na klamidia hupimwa kwa mkojo au kwa majimaji ya ukeni. Inafaa wazazi watarajiwa nao wapimwe magonjwa ya kuambukiza, na mama mbebaji ana haki ya kuelezwa majibu yanayomhusu, kwa kuwa kitakachoingia mwilini mwake kimetoka kwao.

Baada ya damu huja mji wa mimba wenyewe. Daktari huutazama kwa ultrasaundi, na mara nyingi huingiza maji kidogo ya chumvi ili kuta zake zitengane na uvimbe, vinyama au makovu yaonekane. Kliniki nyingine hutumia kamera nyembamba. Baadhi hufanya pia jaribio la kupandikiza: katheta tupu hupitishwa kwenye shingo ya kizazi ili daktari ajue mapema njia imepinda wapi na ina urefu gani. Jaribio hilo huokoa muda siku ya kazi yenyewe, ambapo kila sekunde kiinitete kikiwa nje ya kitunzio chake ina thamani.

Kisha kuna mazungumzo na mshauri wa saikolojia, ambayo yasichukuliwe kama utaratibu wa kutimiza tu. Hapo ndipo mwanamke huulizwa kama mume wake ameridhia, watoto wake wataelezwaje kuhusu tumbo linalokua na mtoto asiyeletwa nyumbani, kama majirani na wakwe watajua, na kama kuna mtu anayemshinikiza kwa sababu ya fedha. Imani nayo ina nafasi yake. Kanisa Katoliki lilikataa ubebaji wa aina hii katika waraka wa mwaka 1987, na Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliukataza katika kikao chake cha mwaka 1986. Mwanamke mwenye imani hizo hupata utulivu zaidi akilitafakari jambo hili kabla ya sindano ya kwanza kuliko akiwa na mimba ya miezi minne.

Mkataba utangulie dawa

Dawa zisianze kabla ya mkataba kutiwa saini. Mama mbebaji awe na wakili wake mwenyewe, asiyekuwa wakili wa wazazi watarajiwa wala wa kliniki, hata kama gharama inalipwa na wao. Mkataba unapaswa kusema waziwazi ni viinitete vingapi vitapandikizwa na mara ngapi kujaribu; nani analipa nauli, chakula, siku za kazi zilizopotea na matibabu ya dharura; malipo gani yanatolewa mzunguko ukiahirishwa, jibu likiwa hapana, au mimba ikiharibika; na bima gani inamlinda mbebaji na watoto wake iwapo atapata madhara ya kudumu au kufa. Fedha zikiwekwa katika akaunti ya amana kabla ya kuanza, hakuna upande unaobaki kumdai mwenzake akiwa katikati ya safari.

Sheria hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Afrika Kusini, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2005, mkataba lazima uthibitishwe na Mahakama Kuu kabla ya kiinitete kupandikizwa, na mbebaji lazima awe na mtoto wake mwenyewe aliye hai. Uingereza, mwanamke aliyezaa ndiye mama kisheria hadi mahakama itoe amri ya kuhamisha uzazi. Kenya iliingia katika huduma hii bila sheria mahsusi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisikiliza kesi ya mapacha waliozaliwa na mama mbebaji, wakachukuliwa na maofisa wa watoto kwa sababu haikujulikana jina la nani liandikwe kuwa mama. Mahakama iliona kwamba hatua hiyo haikuwa sahihi, na ikaonyesha haja ya Bunge kutunga sheria. Mswada wa Teknolojia ya Usaidizi wa Uzazi wa mwaka 2022, uliowasilishwa na mbunge Millie Odhiambo, ulitokana na pengo hilo. Funzo la kesi hiyo linabaki: jina litakaloandikwa siku ya kuzaliwa liamuliwe na wakili kabla ya siku ya kupandikizwa.

Mkataba una mpaka mmoja usiovukwa. Mwili unaopewa dawa ni wa mama mbebaji, na idhini ya kila sindano, kila kipimo na kila upasuaji ni yake. Karatasi haimwondolei haki hiyo.

Kiinitete kimoja au viwili

Wazazi waliosubiri miaka mingi hutamani viwili, wakitumaini mapacha au angalau mmoja. Lakini mzigo wa mapacha hubebwa na mbebaji: hatari ya shinikizo la damu, kisukari cha mimba, kutokwa damu, upasuaji na kuzaa kabla ya miezi kutimia huongezeka. Watoto wenyewe huzaliwa wadogo, na siku nyingi katika chumba cha watoto njiti huwa ghali na za wasiwasi. Kwa sababu hiyo mashirika makuu ya tiba ya uzazi yanapendekeza kiinitete kimoja kwa mama mbebaji, hasa kinapokuwa cha siku tano na cha ubora mzuri. Hata kimoja huweza kugawanyika na kuwa mapacha wa kufanana, ingawa ni mara chache.

Kiinitete cha siku tano huitwa blastosisti. Ni kipira chenye chembe mia moja au zaidi: fungu la ndani litakalokuwa mtoto na tabaka la nje litakalokuwa kondo la nyuma. Maabara hukigandisha kwa kasi kubwa ili barafu isipasue chembe zake, kisha hukihifadhi katika naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kikihifadhiwa hivyo hakizeeki. Nafasi ya kufanikiwa hutegemea umri wa mwenye yai siku lilipotolewa, na umri wa mbebaji hauna uzito huo. Hilo linaeleza kwa nini mwanamke mwenye afya njema kabisa anaweza kupata jibu la hapana bila kosa lolote la mwili wake.

Kutayarisha mji wa mimba

Mji wa mimba hupokea kiinitete kwa siku chache tu katika kila mzunguko. Kazi yote ya dawa ni kuufanya mlango huo ufunguke siku ambayo maabara iko tayari. Kuna njia mbili. Katika mzunguko wa asili, daktari hufuatilia yai la mbebaji mwenyewe hadi lipevuke, kisha huhesabu siku kuanzia hapo. Mbebaji hujiepusha kabisa na tendo la ndoa au hutumia kinga, ili asije akashika mimba ya mumewe. Njia hii huhitaji dawa chache, na tafiti zimeihusisha na hatari ndogo zaidi ya shinikizo la damu la mimba. Katika mzunguko wa dawa, ovari hutulizwa na homoni zote hutoka nje. Kliniki nyingi huipenda ya pili kwa sababu tarehe hupangika, jambo lenye uzito pale wazazi wanapotoka ng'ambo au mbebaji anaposafiri kutoka mbali. Ni haki ya mbebaji kuuliza ni njia ipi imechaguliwa kwake na kwa nini.

Mfano wa kalenda husaidia. Tuseme kupandikizwa kumepangwa tarehe 3 Machi, katika mwaka ambao Februari ina siku 28. Januari mbebaji humeza vidonge vya kupanga uzazi ili mzunguko wake uelekezwe. Baadhi huchomwa pia sindano ndogo ya tumboni ya kutuliza ovari. Vidonge husimamishwa mwanzoni mwa Februari, na hedhi hutokea tuseme tarehe 12. Kesho yake, ultrasaundi na damu zikionyesha mwili umetulia, estrojeni huanza: vidonge vya miligramu 2, mara nyingi vikipanda hadi miligramu 6 kwa siku, au viraka vya kubandika tumboni. Estrojeni hunenepesha utando wa ndani kama mvua za kwanza zinavyolainisha shamba kabla ya mbegu.

Tarehe 24 Februari utando hupimwa. Daktari hutafuta unene wa milimita 7 au zaidi, wenye mistari mitatu inayoonekana vizuri kwenye picha. Damu hupimwa kuhakikisha kwamba projesteroni haijapanda yenyewe. Kila kitu kikiwa sawa, projesteroni huanza tarehe 26, na tarehe 3 Machi inakuwa siku ya sita ya dawa hiyo. Hesabu hii haina nafasi ya kubahatisha. Projesteroni ikianzwa siku moja mapema au siku moja nyuma, utando na kiinitete hupishana njiani. Mbebaji aandike saa ya kila dawa, aweke kengele kwenye simu, na akisahau dozi aipigie kliniki papo hapo. Asijiongezee dozi ya pili kufidia.

Estrojeni huweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, matiti kuuma na hasira za ghafla. Pia huongeza uwezekano wa damu kuganda, kwa hiyo mwanamke anayevuta sigara, aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni, au ambaye katika ukoo wake lipo tatizo hilo, lazima amweleze daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Wakati huohuo huanza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, na kuacha pombe kabisa. Dawa za miti shamba na dawa za kununua bila cheti zisitumiwe bila kumwambia daktari. Anayeishi penye malaria alale ndani ya chandarua kila usiku, maana homa ya malaria katika majuma ya kwanza huweza kuiharibu mimba.

Projesteroni na sindano zake

Projesteroni ndiyo dawa inayochosha zaidi. Hutolewa kwa vidonge vya kuweka ukeni, mara mbili au tatu kwa siku, au kwa sindano ya mafuta ya tako, mara nyingi miligramu 50 kila siku. Wengine hupewa zote mbili. Vidonge vya ukeni huacha uchafu mweupe unaotoka mchana kutwa, na kitambaa chepesi cha pedi hutosha, tamponi zisitumiwe.

Sindano huhitaji mkono uliofundishwa. Muuguzi amwonyeshe mume, dada au rafiki mara moja, naye airudie mbele yake. Chupa hupashwa kwa kushikwa viganjani dakika kadhaa ili mafuta yawe mepesi. Mahali pa kuchoma ni robo ya juu ya nje ya tako, mbali na mshipa mkubwa wa fahamu unaopita katikati. Mbebaji hulegeza mguu wa upande unaochomwa kwa kuegemea mwingine. Dawa husukumwa polepole, kisha mahali hapo hukandwa na kuwekewa kitambaa cha joto. Leo upande wa kulia, kesho wa kushoto. Vinundu vigumu ni vya kawaida. Wekundu unaoenea, joto kali au usaha si vya kawaida na vionekane kliniki. Mafuta ya dawa hii huweza kuwa ya ufuta au ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa vyakula hivyo aseme mapema apewe aina nyingine. Sindano zilizotumika ziwekwe katika chombo kigumu chenye kifuniko na zirudishwe hospitali, zisitupwe jalalani watoto wanapookota.

Mzunguko ukiahirishwa

Wakati mwingine utando hubaki mwembamba, maji huonekana ndani ya mji wa mimba, au projesteroni hupanda kabla ya wakati. Daktari mwangalifu huahirisha, kwa kuwa kiinitete kikishapandikizwa hakirudishwi. Mbebaji ambaye amekwisha kumeza vidonge mwezi mzima hupata uchungu, na huweza kuhisi amewaangusha wazazi. Hajawaangusha. Mwili uliokataa mwezi huu mara nyingi hukubali mwezi ujao kwa kubadilisha kipimo au namna ya kutoa estrojeni. Malipo ya juhudi yake katika mzunguko ulioahirishwa ni miongoni mwa mambo ambayo mkataba ulipaswa kuyataja.

Siku yenyewe

Mbebaji afike kliniki mapema. Anayetoka mbali, tuseme Lamu au Kitale, ni bora alale mjini usiku uliotangulia. Hahitaji kukaa na njaa, kwa kuwa hakuna dawa ya usingizi. Ale kama kawaida na dawa zake za asubuhi azitumie. Avae nguo pana, na asijipake manukato wala mafuta yenye harufu kali, kwani viinitete ni vyepesi kudhurika na kemikali zinazopaa hewani.

Saa moja kabla, hunywa glasi tatu hivi za maji na kuzuia mkojo. Kibofu kilichojaa hunyoosha pembe kati ya shingo ya kizazi na mji wa mimba, na huifanya picha ya ultrasaundi ya tumboni iwe safi. Kikijaa kupita kiasi hadi akawa anatetemeka, aseme. Muuguzi atamruhusu apunguze kidogo.

Asubuhi hiyohiyo maabara huyeyusha kiinitete na kukitazama. Vingi hunusurika, vichache havinusuriki, na mbebaji aelezwe mapema kama kuna cha akiba. Katika chumba, jina lake na majina ya wazazi husomwa kwa sauti na kulinganishwa na chombo. Mbebaji asione haya kuomba lirudiwe. Ukaguzi huo ndio kinga ya mwisho dhidi ya kosa lisiloweza kusahihishwa.

Hulala chali, miguu imeegemezwa. Daktari hufungua uke kwa kifaa kilekile cha kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi, husafisha shingo ya kizazi kwa majimaji maalumu, na kupitisha katheta laini huku muuguzi akishikilia ultrasaundi tumboni. Mtaalamu wa viinitete huleta katheta ya ndani iliyobeba tone dogo lenye kiinitete. Husukumwa sentimita moja au mbili chini ya dari ya mji wa mimba. Kwenye skrini huonekana kijinukta cheupe kinachong'aa: ni hewa kidogo iliyosafiri na tone, kwa kuwa kiinitete chenyewe hakionekani kwa ultrasaundi. Katheta hurudishwa maabara na kuchunguzwa kwa hadubini kuhakikisha hakuna kilichobaki. Kikibaki, hurudishwa tena bila madhara.

Wanawake wengi husema walisikia mkandamizo, mkazo kidogo wa tumbo kama wa hedhi, na zaidi ya yote mkojo. Maumivu makali si sehemu ya tendo hili. Wazazi huweza kuwepo chumbani, kwa simu ya video, au wasiwepo kabisa. Uamuzi ni wa mbebaji, kwani ni yeye aliyelala kitandani.

Baada ya hapo huruhusiwa kukojoa mara moja. Kiinitete hakidondoki. Kuta za mji wa mimba hugusana, na tone hilo hushikwa kati yake. Zamani wanawake walilazwa siku nzima au zaidi, lakini tafiti zimeonyesha kwamba kulala kitandani hakuongezi nafasi ya mimba.

Siku za kusubiri

Kiinitete hutoka kwenye ganda lake na kuanza kujishika ukutani ndani ya siku moja hadi tatu, kisha huzama taratibu. Katika siku hizi mbebaji huishi maisha ya kawaida yaliyopunguzwa makali: kutembea, kupika na kazi ya mezani ni sawa, lakini kubeba ndoo za maji, magunia, mazoezi mazito, kuoga maji ya moto sana na tendo la ndoa huachwa hadi daktari aseme. Dawa haziachwi hata siku moja.

Matiti kujaa, usingizi, tumbo kuvuta na kukojoa mara kwa mara havithibitishi mimba, kwa kuwa projesteroni huleta hayo yote. Kutokuwa na dalili nako hakukanushi. Matone machache ya damu ya rangi ya kahawia yanaweza kutokana na kujishika kwa kiinitete au na mkwaruzo wa dawa za ukeni, na si sababu ya kusimamisha dawa. Kipimo cha mkojo cha nyumbani kinaweza kudanganya kwa namna mbili: kikifanywa mapema husema hapana ilhali ni ndiyo, na kwa aliyechomwa sindano ya kupevusha yai katika mzunguko wa asili husema ndiyo ilhali ni mabaki ya sindano. Inafaa mbebaji na wazazi wakubaliane mapema kama kipimo hicho kitafanywa na nani ataambiwa kwanza, ili simu za kila saa zisimchoshe.

Jibu na hesabu ya mimba

Kwa mfano wetu, damu hupimwa karibu na tarehe 13 Machi kutafuta homoni ya mimba, hCG. Chini ya 5 ni hapana. Ikiwa imepanda, hupimwa tena baada ya saa 48, yaani tarehe 15, na mimba inayoendelea vizuri kwa kawaida huonyesha ongezeko la angalau nusu ya kiasi cha mwanzo, mara nyingi karibu maradufu. Homoni inayopanda kisha kushuka ni mimba iliyoanza ikakoma mapema.

Jibu likiwa hapana, dawa husimamishwa kwa amri ya daktari, na damu hutoka baada ya siku chache, pengine nzito kuliko hedhi ya kawaida. Mbebaji apewe nafasi ya kuhuzunika. Mimba haikuwa yake kuilea, lakini juhudi ilikuwa yake, na mwili uliochomwa kila usiku ni wake. Jaribio jingine lisianze hadi yeye mwenyewe aseme yuko tayari.

Jibu likiwa ndiyo, umri wa mimba hauhesabiwi kwa hedhi, kwani hedhi yake ilipangwa na dawa. Siku ya kupandikizwa kiinitete cha siku tano huhesabiwa kuwa majuma mawili na siku tano. Tarehe ya kujifungua hupatikana kwa kuongeza siku 261. Kwa mfano huu, 19 Novemba. Mwishoni mwa Machi, mimba ikiwa na majuma sita na siku kadhaa, ultrasaundi hutafuta mambo matatu: kama imetunga ndani ya mji wa mimba, ni moja au zaidi, na kama moyo unapiga.

Picha hiyo isikoswe. Mimba inaweza kutunga nje ya mji wa mimba hata pale kiinitete kilipowekwa mahali pake sawasawa. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, maumivu ya bega, kizunguzungu au kuzimia humtaka mbebaji aende hospitali iliyo karibu mara moja, hata kama si ile ya kliniki yake, na aseme bila kuficha kwamba alipandikizwa kiinitete. Hivyo pia kwa damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, kukosa pumzi, au kichwa kuuma vikali pamoja na macho kufifia.

Kutoka kliniki ya uzazi hadi kliniki ya wajawazito

Katika mzunguko wa dawa, ovari ya mbebaji haikutoa yai, kwa hiyo hakuna chombo mwilini kinachotengeneza projesteroni ya kuitunza mimba changa. Dawa ndizo zinazofanya kazi hiyo hadi kondo la nyuma liweze kuipokea. Kuziacha ghafla katika juma la sita kwa sababu ya uchovu ni hatari. Huendelea hadi kati ya juma la kumi na la kumi na mbili, yaani kati ya 23 Aprili na 7 Mei katika mfano huu, zikipunguzwa kwa ratiba ya daktari.

Kisha mbebaji huhamia kliniki ya kawaida ya wajawazito. Aende na barua inayoonyesha tarehe ya kupandikizwa, umri wa kiinitete siku hiyo, idadi ya viinitete, dawa alizotumia, majibu ya hCG na picha za ultrasaundi. Mkunga aandike tarehe ya kujifungua iliyotokana na hesabu hiyo kwenye kijitabu cha mama na mtoto, asiibadilishe kwa hesabu ya hedhi. Shinikizo la damu lipimwe kila mahudhurio, kwa kuwa mimba ya yai lisilo la mbebaji huwa na hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba. Daktari huweza kumwanzishia aspirini ya kiasi kidogo kabla ya juma la 16. Dawa ya kuzuia malaria hutolewa kuanzia miezi mitatu ya pili mahali ambapo ugonjwa upo. Kuanzia hapo mimba hufuatiliwa kama mimba nyingine yoyote, na aliyeibeba hutunzwa kama mjamzito mwingine yeyote.